Dakika Kumi na Tano za Mzee wa Greda

Ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia kwamba ramani yangu ilikuwa ya Januari. Kabla ya siku hiyo sikujua kwamba ramani huwa na mwezi.

Alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yetu mjini Nyeri, kofia ya sufu mkononi, viatu vya mpira miguuni, akimngoja karani wa ng'ambo ya korido arudi kutoka kwenye chai amtilie sahihi karatasi ya dizeli. Skrini yangu ilikuwa inatazama mlango. Akanyoosha kidole kuelekea upande wa Tetu, mahali nilipokuwa nimepapaka kijani kizuri.

"Hapa unafika na dakika ngapi?"

"Ishirini," nikajibu kwa fahari.

"Mwezi gani?"

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

"Hii ramani yako ni ya Januari," akasema. "Kuja nayo Aprili, tukuvute na ng'ombe."

Watu wote walimwita Mzee wa Greda, nami nitamwita Mzee tu. Greda ni ile mashine ndefu ya njano yenye chuma kipana tumboni, inayokwangua barabara ya udongo mpaka ikalainika. Aliiendesha miaka mingi, kutoka Mweiga kwenye viazi hadi Othaya kwenye majani chai, na hakuna kona ya udongo katika upande wetu ambayo hakuwahi kuinyoa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchora barabara hizo hizo nikiwa nimekaa kwenye kiti. Aliniita Komputa. "Komputa ameamka aje?" Hivyo ndivyo alivyonisalimu kila asubuhi tuliyokutana, na hata alipojifunza jina langu hakulitumia.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaona kwa nini mtu wa greda na mtu wa kompyuta walihitajiana.

Tuseme unataka kujua ambulensi inaweza kufika wapi kwa nusu saa. Njia ya uvivu ni kuchukua bikari, kuweka ncha mahali ambulensi inapokaa, na kuzungusha duara. Kwenye nchi tambarare duara hudanganya kidogo. Kwetu hudanganya sana. Ardhi yetu inashuka kutoka Nyandarua kwa migongo mirefu iliyolala sambamba, na kati ya kila migongo miwili kuna mto. Unaweza kusimama shambani kwako ukamsalimia shemeji yako wa mgongo wa pili kwa sauti tu, ukamuuliza amepika nini, naye akakujibu. Lakini ukitaka kwenda kukila hicho chakula kwa gari, itabidi upande mpaka kwenye lami, uzunguke chanzo cha mto, ushuke tena. Utakuta sufuria imeshaoshwa.

Kwa hiyo programu ya ramani haichori duara. Inafuata barabara zenyewe. Nilipomweleza Mzee mara ya kwanza nilitumia uji. Fikiria, nilimwambia, umesimama pale ambulensi inapokaa, una sufuria kubwa ya uji, unaumwaga. Uji huu haupandi mashambani, unapita barabarani tu. Kwenye lami unakimbia. Kwenye changarawe unatembea. Kwenye udongo unajikokota. Nusu saa ikiisha, unapaka rangi kila mahali ulipofika. Kwetu umbo linalotokea si duara, ni kama mkono uliotandazwa, vidole vikishuka kwenye migongo, na katikati ya vidole hakuna kitu.

Aliutazama huo mkono kwa muda. "Na nani anaambia uji ukimbie aje?"

Ndilo swali lote hilo. Anayeambia ni mimi. Kila mstari wa barabara kwenye kompyuta una urefu wake, na ni lazima mtu aupe mwendo. Nilikuwa nimegawa barabara mafungu matatu, lami, changarawe na udongo, nikalipatia kila fungu mwendo wake mmoja, nikaenda kunywa chai. Mzee aliona aibu kwa niaba yangu.

"Ati udongo yote ni moja? Udongo ya Wamagana na udongo ya Mweiga? Wee Komputa, hata watoto wa mama mmoja hawafanani."

Ndivyo tulivyoanza. Kila alipokuja kwa karatasi ya dizeli alivuta kiti, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake, nami nikafungua ramani, tukapita mstari mmoja baada ya mwingine.

Hakuwa na imani na kilomita. "Kilomita ni ya mwenye kuuza gari," alisema. Hakuwa na saa ya mkono pia. Alipima barabara kwa redio ndogo aliyoifunga kwa waya kwenye kiti cha greda, na hasa kwa taarifa ya habari ya saa saba mchana. Kutoka soko fulani mpaka daraja la mbao kwa pikapu ni vichwa vya habari tu. Kutoka hapo mpaka shule ni habari bila michezo. Kutoka shule mpaka ukingo wa msitu ni habari, michezo, na matangazo ya vifo. Wiki nzima nilikaa na redio na saa nikibadilisha habari kuwa dakika. Habari bila michezo zilikuwa dakika kumi na tano. Kisha niliomba pikapu ya ofisi nikazijaribu barabara chache, nikiwa na hamu ya kumkosoa. Nilizunguka siku nne. Hakukosea mahali hata pamoja.

Alikuwa na misemo, lakini yote ilitoka kwenye kazi. "Barabara ni mgongo, si bakuli," alimwambia kila mhandisi kijana, akimaanisha kwamba katikati yake ni lazima painuke ili maji yashuke pembeni. "Mwenye barabara ni maji, sisi tunaomba njia." Na wa wageni: "Mtu akikuambia ni hapo tu, beba chakula." Huu wa mwisho ulikuwa wa kweli kabisa. Kwetu kumwambia mgeni kwamba bado ni mbali ni kama kumfukuza, kwa hiyo tunamwambia ni hapo tu, kwa upendo, naye anatembea mpaka giza.

Alikuwa pia na mambo yasiyopatana. Mtu aliyetengeneza barabara za watu hakupenda gari. Alitembea kwa miguu kutoka kituo cha lami mpaka kwake jioni, na ukimpa lifti alikuwa na udhuru wa kukataa: goti linataka mazoezi, au anataka kuona mtaro. Alimkaripia fundi mbele ya watu, halafu akampelekea ndizi kwa siri. Sifa zilimtia hofu. Mama mmoja wa Othaya alipomletea jogoo kwa sababu gari la majani chai sasa lilifika mpaka kwake, Mzee alirudisha jogoo kwa miguu, kilima kizima, akimfukuzia mbele kama ng'ombe.

"Si ungekula tu?" nilimuuliza.

"Nikila huyu, barabara ya kesho itaulizwa kama imekula nini."

Jambo moja kwenye ramani yangu lilimuudhi kuliko mengine. Mahali ambapo uji haukufika mimi nilipaacha peupe.

"Nyeupe ni kama hakuna mtu," akasema. "Hapo kuna watu. Weka rangi ya udongo."

Nikaweka rangi ya udongo wetu, ule mwekundu uliokolea, na tangu hapo ramani zangu zote zina rangi hiyo. Wakuu hudhani ni urembo.

Basi ikaja kazi ya ambulensi. Ilikuwa moja tu. Wakubwa walikuwa na mahali pawili pa kuiweka: kituo cha lami, ambako njia nyingi zinakutana, au zahanati ndogo ya juu, kwenye kichwa cha mgongo mmoja mrefu upande wa Wamagana. Niliambiwa nimwage uji kutoka sehemu zote mbili, nione upi unafikia nyumba nyingi zaidi kwa nusu saa. Mkutano wa kuamua ulikuwa umeshapangwa. Mahali ambapo pangeshindwa pangengoja, na sote tulijua kungoja kwa ambulensi ya pili kunaweza kuchukua muda gani.

Nilimwaga kutoka kituo cha lami. Matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Hata ule mgongo mrefu ulipata kijani mpaka chini mtoni. Nilimwita Mzee aone.

Akavaa miwani. Akafuata mgongo kwa ukucha mpaka kwenye mto, akasimama.

"Nani amejenga hii daraja?"

Nikaangalia. Barabara mbili zilishuka kutoka migongo miwili, moja huku na nyingine kule, na kati ya ncha zake palibaki nafasi ndogo kama unywele. Kwa mtu wa ramani nafasi kama hiyo karibu kila mara ni kosa la mchoraji aliyechoka, na ni kosa baya, maana uji hauruki. Unafika kwenye unywele huo unasimama kama umefika mwisho wa dunia. Kwa hiyo nilikuwa nimeziunganisha.

"Mimi," nikasema.

"Umejenga na nini?"

"Kwa kubonyeza mara mbili."

"Hongera. Sisi tumeomba hiyo daraja tangu nikiwa na nywele. Wewe umemaliza kabla ya saa nne." Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Hapo kuna gogo, Komputa. Gogo moja. Mtu anavuka akiwa ameshika viatu. Mbuzi wengine wanakataa."

Nikalivunja daraja langu. Kijani kikapanda mgongo kurudi juu kama soksi inayovuliwa. Sasa njia ya pekee ya kuingia ilikuwa ya juu, kutoka kichwani mwa mgongo, na barabara hiyo haikuwa na dakika zake bado.

"Hii ya mgongo kutoka zahanati mpaka chini, ni ngapi?"

Alikunja miwani. Akaangalia dirishani, kwenye ukuta wa jirani ambao hauna chochote cha kuangaliwa.

"Habari bila michezo."

"Kumi na tano?"

"Andika kumi na tano."

Nikaandika. Kutoka kituo cha lami mpaka kichwa cha mgongo zilikuwa dakika kumi na tano nyingine, jumla thelathini kamili, na mgongo ukarudi kuwa kijani. Ushindi ulikuwa wa kituo cha lami. Zilibaki siku chache kabla ya mkutano, nikaenda kupima barabara hiyo moja kwa ajili ya ukamilifu tu. Nakiri pia kwamba siku hiyo ofisini kulikuwa na kikao kirefu.

Ilikuwa Novemba, mvua ndogo zimekolea. Nilianza kuhesabu pale zahanati. Dakika ya tano ilikuwa imeshapotea nyuma yangu, nikaanza kushuka. Dakika ya kumi na mbili pikapu iliamua kutembea kwa ubavu. Dakika ya ishirini ilikuwa imeingia mtaroni kwa heshima, taratibu, kama mtu anayekaa kanisani. Nilitolewa na mama mmoja mwenye mbuzi, aliyefika na wanawe wawili wakubwa na gunia la majani makavu ya kutia chini ya magurudumu. Alikuwa na mazoea hayo.

"Pole, mami. Wewe ni wa barabara?"

"Wa ramani."

"Aa. Basi mwambie yule wa barabara." Akaashiria kwa kidevu lango la mbao lililokuwa hatua chache mbele yetu, karibu kabisa na mto. "Hapo ndio kwake."

"Kwa nani?"

"Mzee wa Greda! Analimia watu wote barabara, sisi anatuambia tungoje zamu. Na zamu ni yeye anaandika. Mke wa huyu kijana wangu wa kwanza alibebwa mpaka juu na kiti, akiwa na uchungu ya mtoto. Hiki kiti ya kukalia, ya jikoni. Mungu alisaidia."

Nilifika chini mtoni dakika ya arobaini na tatu baada ya kuondoka zahanati.

Nimefikiri sana jambo hili. Mtu huyu alinipa mamia ya dakika, na katika hizo zote moja tu ilikuwa ya uongo. Ilikuwa ile ya kwake, na uongo wenyewe ulikuwa dhidi yake mwenyewe. Daraja langu hakuweza kulivumilia, kwa sababu lilikuwa kosa langu, na makosa ya watu aliyasahihisha bila kusita. Lakini kusema mbele yangu, barabara ya kwangu ni mbaya, leteni ambulensi huku, hilo halikupita kooni.

Siku iliyofuata nilimkuta kwenye korido.

"Mzee, nimetoka kwenu."

Akaangalia viatu vyangu. "Naona."

"Ni arobaini na tatu. Na nilisukumwa."

"Na nani?"

"Jirani yako mwenye mbuzi. Amesema nikusalimie."

"Hakusema hivyo."

"Hapana, hakusema hivyo."

Akakaa. Akafungua chupa, akamimina chai, hakuinywa. "Wewe hujui hawa watu, Komputa. Nikipitisha greda kwa mlango yangu mara moja, zile zote nimelima zitakuwa za wenyewe. Hii ni ya shemeji yake, watasema. Hii ni ya rafiki ya mama watoto. Mimi niko na jina moja tu. Na ambulensi ikikaa karibu na kwetu, watasema ni greda alileta."

Nilikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na kwetu mtu hamjibu mzee hivi hivi. Lakini nilikuwa bado na matope masikioni.

"Mzee," nikasema, "yako ni lango. Barabara ni ya huyo mama na mbuzi wake."

Akairudisha chai kwenye chupa.

"Futa," akasema mwishowe. "Andika arobaini na tatu. Hiyo ni ya jana. Ya Aprili usiandike dakika."

"Niandike nini?"

"Andika haipitiki. Na uandike ni mimi nilikuwa nimesema kumi na tano."

"Hilo halina mahali pa kuandikwa."

"Basi hiyo komputa iko na upungufu."

Kwa hiyo alikuja kwenye mkutano mwenyewe, bila kualikwa, akiwa na koti la Jumapili juu ya viatu vya mpira. Nilionyesha ramani. Mgongo ule sasa ulikuwa mwekundu wa udongo kutoka kichwani mpaka mtoni. Alisimama nyuma ya chumba. "Hiyo nyekundu ni kwetu," akasema. "Huyu msichana nilimdanganya. Sasa ameandika ukweli." Akakaa.

Ambulensi ilipelekwa zahanati ya juu, ili anayebebwa kwa kiti aikute hapo. Watu, bila shaka, walisema. Miezi mizima sokoni aliitwa Mzee wa Ambulensi, na kila alipopita kuna aliyeiga mlio wa king'ora. Barabara ya mgongo iliingia kwenye orodha, mahali pake pa haki, si juu wala chini. Zamu yake ilipofika yeye alikuwa ameshastaafu, na greda ilikuwa mikononi mwa mwenzake. Walikwangua, wakamwaga changarawe, wakachimba mitaro pande zote. Naambiwa Mzee alitembea mbele ya mashine siku zote tatu akipaza sauti: mgongo, si bakuli! Naambiwa pia kwamba walipofika langoni kwake aliinua mikono yote miwili, akamlazimisha mwenzake anyanyue kile chuma na kupita juu juu. Hatua nne za barabara mbele ya lango lake zilibaki na mawe yao ya zamani.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa huko huko, langoni. Nilikwenda kumwona kwa sababu goti lilikuwa limemshinda sasa, hakufika mjini tena. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kutulia, isiyo na haraka. Tuliketi kwenye baraza, redio kati yetu, viazi vya kuchemsha kwenye sahani. Nilikuwa nimekuja kwa gari na kichwa changu kilikuwa bado kinauma kutokana na zile hatua nne.

"Si ungewaacha wamalize, Mzee?"

"Wacha wageni wapunguze mwendo. Kuna kuku."

Kabla tu ya saa saba ambulensi ilishuka ikapita, na haikukawia chini. Redio ilikuwa ndiyo kwanza inaanza vichwa vya habari ilipotupita tena ikipanda, ikarushwa kidogo na yale mawe, ikashika changarawe, ikapotea. Ndani nilimwona yule mama mwenye mbuzi, ameshika mkono wa mkwewe. Mtoto wa pili, Mzee akaniambia. Akaongeza sauti ya redio, akaacha kula.

Zilipita habari za nchi, zikapita za ng'ambo, zikapita za biashara. Alikuwa amekaza macho kwenye simu yake ndogo iliyokuwa juu ya goti bovu. Ililia. Akaiweka kwenye spika.

"Tumefika juu," ikasema sauti ya yule mama, ikihema. "Daktari amemshika. Mzee wa Ambulensi, umesikia? Tumefika!"

Na redioni msomaji akasema: sasa tugeukie michezo.

Mzee alizima redio. Alichukua kiazi, akakimenya polepole, akanipa mimi kwanza.

"Si nilikuambia ni kumi na tano?"

"Mwezi gani?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole nje, kwenye mvua.

"Aprili, Komputa. Andika."